Bitana ya Koti la Chakula cha Jioni

Aliyenieleza habari za koti jeusi alikuwa Bwana Shauri wa Sumbawanga, ofisa wa serikali ya wilaya, Mwingereza kijana aliyejifunza Kiswahili kwa bidii na kukitamka kama mtu anayepanga matofali. Nilikwenda ofisini kwake kuchukua hati yangu ya safari. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza huko Uganda, nikapata nafasi ya kusoma shahada ya pili Uingereza, na meli ilikuwa iondoke Mombasa kabla mvua hazijaanza kwetu. Aliponikabidhi hati aliniuliza kama nina koti la jioni. Nilimjibu kwamba nina koti moja la kijivu, nami hulivaa asubuhi na jioni.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Melini, usiku," alisema, "mwanamume huvaa koti jeusi lenye kola inayong'aa, na tai nyeusi ya kipepeo. Asiye nalo huletewa chakula chumbani. Si adhabu. Ni desturi tu."

Nilimshukuru na kutoka. Njiani kuelekea nyumbani Kasense nililirudia moyoni neno moja tu, yaani *chumbani*. Kula peke yangu hakukuniogopesha, maana chuoni nilikwisha kula peke yangu mara nyingi. Hofu yangu ilikuwa kwamba, nikila chumbani, mama yangu hatatoka msibani.

Inanipasa nieleze. Baba alifariki katika baridi ya mwaka ule, mimi nikiwa njiani kurudi nyumbani, na nilifika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Tangu hapo nilikuwa kama mtu aliyekosa kidato kimoja cha ngazi. Kila jambo nililipima mara tatu, na bado sikuliamini. Padri alikwisha kumsomea misa, wala hakuwa na neno na mengine yaliyobaki, mradi pombe isizidi. Mengine hayo yalikuwa ya ukoo wetu. Sijui kama koo zote za Ufipa zilifanya vivyo hivyo; naandika ninachokijua. Kwetu, mjane hukaa ndani. Hampi mtu mkono, hashiki jembe, haendi sokoni, na hula katika sahani yake peke yake, mpaka mwezi umeandama mara tatu. Kesho yake hunywewa pombe ya ulezi, na mrithi huvaa koti la marehemu akala mbele ya watu wasio wa ukoo. Mrithi akishanawa mikono, mjane yuko huru. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kiume wa pekee. Mwezi wa tatu ungeandama nami niko baharini.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa na kauli katika mambo haya. Nilimpelekea shauri jioni ile ile, mama akiwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya mlango, akisikiliza.

"Hiyo meli ina watu?" Shangazi aliuliza.

"Wengi sana, shangazi."

"Wa ukoo wetu?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi tatizo liko wapi? Utakula huko. Mwezi mtauona ninyi, tutauona sisi. Vaa koti la baba yako, kaa na watu, kula. Usilivue mpaka umenawa, na usijinawishe mwenyewe. Mtu akumwagie maji. Sisi huku tutakunywa pombe na kumtoa mama yako."

Nilimweleza habari za koti jeusi. La baba lilikuwa la kahawia, la sufu nzito, viwiko vimetiwa viraka. Alilivaa kila Jumapili na kila siku ya baridi, na mfuko wake wa ndani ulikuwa makao ya ugoro wake. Kwa koti lile nisingeruhusiwa kukaa mezani. Kwa koti jingine ningeruhusiwa, lakini ningekuwa ninakula tu, kama mtu yeyote mwenye njaa.

"Na nisipofanya?" niliuliza, ingawa jibu nililijua.

Shangazi aliutazama mlango. "Atakaa mpaka urudi."

Kurudi kwangu kulikuwa suala la miaka. Matuta ya mama shambani, yaliyofukiwa nyasi zioze ziwe mbolea, yalikuwa tayari yanangoja kusambazwa na kupandwa.

Nilijaribu kwanza njia ya kumwuliza padri, kwa kuwa yeye alikwisha kusafiri kwa meli kutoka kwao. "Mimi nilivaa kanzu yangu asubuhi, mchana na jioni," alisema, "na hakuna aliyeniuliza. Kaa seminari miaka minane, nawe utavaa." Alijiona amenisaidia.

Kesho yake Shangazi alilifunga koti ndani ya kitenge, akanitangulia mjini. Fundi tuliyemwendea alishonea kwenye baraza la duka la shemeji zake, watu wa msikitini waliokuwa na duka la vitambaa na lori la kwenda Mbeya. Alikuwa mwembamba, na pini zake alizichomeka kwenye kola yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema bila kusimamisha cherehani.

"Marahaba. Ndiwe uliyenishonea gauni la Krismasi, mkono mmoja mrefu."

"Gauni lilikuwa sawa, mama. Mkono wako wa kupokea ndio mrefu."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda vizuri. Nilimweleza fundi koti la jioni jinsi nilivyoelezwa: jeusi, kola ya kung'aa. Alilichukua la baba, akalipindua, akalivuta mishono.

"Sufu bado ina nguvu. Tulitie rangi. Nitalichemsha kwenye pipa na rangi nyeusi, kutwa nzima, hutalijua."

"Umchemshe ndugu yangu?" Shangazi aliuliza.

Fundi aliacha kulivuta koti. Nadhani mpaka hapo hakuwa ameambiwa kwamba mwenye koti amekufa. Aliliweka chini taratibu. "Mungu amrehemu. Nisamehe, mama."

Ndipo nilipoanza kuuliza maswali, kwa maana hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo. Tukitia kola mpya, bado ni lake? Tukitoa viraka, ambavyo baba mwenyewe aliviongeza baadaye? Vifungo navyo? Ni sehemu ipi hasa ya koti ambayo ikiondolewa, koti la mtu linakoma kuwa lake?

"Kusoma kumekupa maswali," Shangazi alisema. "Kumekupa koti?"

Fundi alikuwa amekwisha kulipindua tena koti, akaitazama bitana, kile kitambaa cha ndani. Ilikuwa ya rangi ya hudhurungi yenye michirizi myembamba, imechakaa mabegani, na kwenye makwapa imekuwa ngumu kwa jasho la miaka. "Ninaweza kuitoa hii nzima, na mfuko wake," alisema, "nikaitia ndani ya koti jeusi jipya. Kimo chako na chake vinaelekeana."

Shangazi alinyoosha mkono akapewa. Aliingiza pua kwenye kwapa la bitana, mbele ya wateja wa duka, akakaa hivyo kwa muda. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa sababu ya ugoro.

"Yumo," alisema. "Huko nje waangalie wao."

Alitoa sharti kwamba kazi ifanyike machoni pake, na kwamba hakuna hata uzi wa koti lile utakaobaki kwenye baraza la mtu. Fundi alikata kitambaa cheusi, akatia kola ya kitambaa cha atlasi kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, akiisha kukitia rangi nyeusi, na Shangazi akamkaripia kila alipoushika mkasi karibu na bitana. Jioni nililivaa. Kwa nje nilikuwa mtu wa melini. Ndani, mfuko wa kushoto ulinipigisha chafya. Ganda la kahawia, lisilo na bitana, Shangazi alilikunja akalirudisha Kasense.

Asubuhi ya kuondoka mama hakunipa mkono, maana haikuruhusiwa. Alisimama ndani ya mlango. "Usiwaze sana," alisema. "Kula tu."

Melini sikuacha kuwaza. Niliwaza kwamba labda mwezi ungeonekana baharini siku moja na Ufipa siku nyingine. Kwamba wingu lingeweza kuukinga kwetu na kuuacha wazi kwangu. Kwamba ningekula siku isiyo siku, na pombe ikanywewa bure. Kila jioni nilivaa koti la kijivu na kuletewa chakula chumbani, nikilitunza jeusi kwa ajili ya siku yake, kwa kuwa nilihofia kulizoesha. Tulipokuwa tumeingia Bahari ya Shamu, mabaharia Waislamu walikusanyika sitahani wakati wa magharibi, wakauona mwezi. Nami nikauona, mwembamba kama ukucha uliokatwa.

Kesho yake joto lilikuwa la kutisha. Sisi tuliokulia Ufipa, ambako kuna umande wa kuuma hata baada ya jua kuchomoza, hatuna maandalizi ya hewa kama ile. Jioni nilivaa koti, nikafunga tai ya kipepeo, nikashuka kwenye ukumbi wa chakula. Mlangoni hakuna aliyekagua mavazi. Nilipoingia nikaelewa sababu: wanaume wote walikuwa wamekaa na mashati tu. Nahodha alikuwa ametangaza mchana, nami nimelala, kwamba katika Bahari ya Shamu hakuna anayelazimika kuvaa koti mezani.

Nilikuwa mwanamume wa pekee mwenye koti katika ukumbi mzima. Mhudumu, Mgoa aliyekulia Mombasa, alikuja nyuma yangu akalishika mabegani. "Nikutundikie, bwana. Leo ruhusa."

"Liache."

"Utaiva, bwana."

"Liache, ndugu yangu."

Niliwekwa meza moja na bibi wa Kizungu aliyekuwa amefundisha piano Nairobi, naye alikuwa akirudi kwao. Ilikuja supu ya moto. Jasho lilinishuka mgongoni, likalowesha bitana, na ugoro mkavu wa mfukoni ukaamka. Nilipiga chafya mfululizo. Bibi yule aliniambia nilivue koti, hakuna atakayenicheka. Hapo nilifanya kosa. Kwa kutafuta jibu la adabu lisilohitaji maelezo, nilisema nasikia baridi.

Bibi aliweka kijiko chini. Mtu anayetokwa na jasho, anayepiga chafya, na anayesikia baridi katika Bahari ya Shamu, kwa mtu aliyeishi Afrika ana jina moja tu. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Malaria," alitangaza, na akamwambia mhudumu amwite daktari wa meli anitoe pale mara moja.

Supu ilikuwa nusu. Sikuwa nimenawa. Nilimwona mama kwenye mkeka wake, na nikaona miaka.

"Mama," nilimwambia bibi yule, nikisahau Kiingereza changu kwa neno hilo moja, kisha nikaendelea kwa Kiingereza, "siumwi. Baba yangu amekufa. Hili ni koti lake. Lazima nile nikiwa nimelivaa mpaka mwisho."

Alilitazama koti jeusi jipya lenye kola ya bibi harusi. Lazima alidhani nimechanganyikiwa. Nilifungua kifungo kimoja nikamwonyesha ndani: michirizi, begani palipochakaa, alama ya jasho. Alitazama kwa makini.

"Basi kula," alisema. Alimwashiria mhudumu asiende, akanisogezea chumvi.

Nilikula supu, samaki, nyama, na kitu cha baridi cha maziwa nisichokijua jina. Bibi alikaa mpaka nikamaliza, ingawa wengine walikwisha kwenda sitahani kutafuta upepo. Kisha nilimwomba mhudumu maji ya kunawa.

"Bomba lipo kule nje, bwana."

"Nataka unimwagie wewe."

Alimtazama bibi, bibi akaitikia kwa kichwa. Akachukua jagi la maji ya barafu, akaweka bakuli la supu chini ya mikono yangu, akamwaga. Alikuwa amelelewa Mombasa; alimwaga vizuri, taratibu, mpaka niliposema basi. Nililivua koti. Lilikuwa zito kwa jasho, na bitana ilinata kwenye shati langu.

Chumbani sikulala mapema. Niliorodhesha makosa yangu yote: kwamba nilidanganya, kwamba mgeni alinigusa usoni kabla ya kunawa, kwamba mwezi pengine haukuonekana Sumbawanga.

Niliporudi Ufipa, miaka ikiwa imepita, ilikuwa tena majira ya baridi. Nilimkuta mama nje ya nyumba akipepeta ulezi kwenye ungo, naye alinipa mkono kabla sijaweka sanduku chini. Baada ya chakula nilimweleza kila kitu, kwa mpangilio, pamoja na kosa la baridi na daktari. Alicheka pale kwenye daktari.

"Siku ile mlijuaje kwamba nimekula?" nilimwuliza. "Barua yangu ilichukua muda mrefu kufika."

"Hatukujua."

"Ukatokaje, basi?"

"Mwezi ulionekana, pombe ikaiva. Nikasema mwanangu anakula. Nikatoka." Alipeperusha makapi. "Kesho yake nilikwenda kwenye matuta."

Nilikuwa na swali jingine, lakini upepo wa jioni ulianza, na mama akainuka kwenda ndani. Alirudi amevaa ganda la kahawia lenye viraka viwikoni. Ndani alikuwa amelitia bitana ya kitenge, kwa mkono wake, mishono mikubwa mikubwa.

"Lile la kwako liko wapi?" aliuliza.

"Sandukuni."

"Livae, kuna baridi."