Maji Baridi ya Stoka

Kwetu Kyimo mgonjwa hapewi maji ya baridi. Hilo halina mjadala. Maji ya bomba yanashuka kutoka mlimani, yanauma meno hata ya mtu mzima wa afya, na mama zetu walitulea hivyo: mgonjwa ni uvuguvugu tu, maji au uji. Kwa hiyo mume wangu alipoanguka kwenye migomba, upande wake wa kulia ukafa na maneno yakamwishia, mimi na dada yake tuliweka chupa ya maji moto karibu na kitanda, tukawa tunampoozea na kumnywesha kwa kijiko.

Akawa anatema.

Muuguzi alikuwa ametuambia vizuri kabisa tulipotoka hospitali. Mkalisheni, kichwa kiiname mbele kidogo, kijiko kidogo kidogo. Akishindwa kabisa kunywa mrudisheni hospitali, tutampitisha mpira puani. Mume wangu alisikia. Hakuweza kusema, lakini aligeuza uso ukutani, na mimi niliyeishi naye maisha yangu yote nilielewa. Mpira hautaki. Basi ilibidi anywe.

Dada yake huyo, wifi yangu, alikuwa amekuja kutoka Masukulu na mkungu wa ndizi na mdomo wake.

"Tata, baba yangu, meza," alimbembeleza kaka yake. Maji yakarudi kidevuni. "Mkaidi huyu! Mkaidi tangu tumboni."

"Huko tumboni ulikuwepo?"

"Mimi ni wa kwanza, wifi. Nilikuwa nje namsubiri. Na kutoka kwenyewe alichelewa."

Tulicheka, maana tungefanya nini. Lakini midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka, na ukimfinya ngozi ya mkono inabaki imesimama.

Ndipo wifi akaacha kucheka. "Unaona mkono huo? Anavuta blanketi. Wenye kuondoka huvuta blanketi hivyo. Mpigie binti yako simu aje."

Nikautazama mkono wa kushoto, ule mzima. Ulikuwa hauvuti kitu. Vidole vilikuwa vimekunjwa kama vimeshika kitu cha mviringo. Unazungusha, unatulia, unazungusha kurudi ulikotoka. Mkono huo niliufahamu. Ulikuwa kazini.

Alikuwa stoka, mtu wa kuchochea moto kwenye injini za mvuke, reli ya kati, kabla dizeli hazijawafukuza. Tuliishi Tabora kwenye kota za reli. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Nilikuwa bibi harusi bado nilipomuuliza: boila imefungwa, imejaa mvuke unaosukuma kutoka, nyie maji mnayaingiza kwa mlango gani?

"Leo umeuliza kama mtu," alisema. Jumapili akanipeleka kwenye karakana, injini ikiwa ina moto. Akanisimamisha upande wa kushoto, upande wake, akanionyesha kidude cha shaba kilichounganishwa na mabomba. Wao wanakiita injekta.

"Mvuke wenyewe ndio unaoingiza maji," alisema.

"Mvuke ule ule unaosukuma nje?"

"Ule ule. Unapita kwenye tundu jembamba, unatoka mbio. Mbele unakutana na maji baridi kutoka tangi. Ukiyagusa unanywea, unageuka maji, lakini mbio zake unayaachia yale maji. Yanakwenda na nguvu hiyo mpaka kwenye boila, yanasukuma kilango, kinafunguka kwa ndani. Yasipokuja, kilango kinajifunga chenyewe. Hakuna kurudi."

Akafungua koki ya maji kwanza, halafu ya mvuke. Chini ya bomba maji yakaanza kudondoka, nikaruka nyuma nikidhani imepasuka. Alinicheka mbele ya wenzake.

"Matone ya mwanzo hayamtishi stoka. Subiri. Sikiliza."

Matone yakakatika. Bomba likaanza kuimba, sauti nyembamba.

"Imeshika," alisema. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya ndoa.

Na kitu ambacho injekta inakataa, alinieleza, ni maji ya moto. Siku za jua kali tangi likichemka njiani, mvuke unakutana na maji moto, haunywei, maji yote yanamwagika chini. Maji ya boila yakishuka mno, mnakufa nyote. Hapo stoka anafunga koki, anaifunika injekta gunia bichi, anaimwagia hata maji yake ya kunywa, ipoe. Kisha anafungua tena. Anafunga, anapoza, anafungua.

Huo ndio ulikuwa mkono juu ya blanketi.

Nilitoka nje, nikakinga kikombe bombani. Wifi akanizuia mlangoni.

"Hayo ya baridi? Unataka kumuua kaka yangu?"

"Kwa hayo ya moto anakufa tayari. Nipishe."

Nilimkalisha, nikamwekea kijiko mdomoni, na mkono mwingine nikamgusa kooni. Alishtuka kwa ubaridi. Tone likadondoka, jingine. Kisha koo likapanda, likashuka chini ya vidole vyangu.

"Imeshika," nilimwambia.

Akacheka na nusu ya mdomo. Wifi yangu alikwenda mwenyewe bombani na jagi, na kwake huko ndiko kuomba radhi.

Basi akanywa. Alikunywa mpaka mahindi yakakomaa. Kila kijiko mkono wa kushoto ulifungua koki kwanza, ndipo nilipomwekea mdomoni. Mpira hakuna aliyeutaja tena.

Asubuhi moja ya ukungu nilimkalisha kama kawaida. Maji yaliingia, yakatokea upande ule uliokufa, yakadondoka. Sikuogopa. Matone ya mwanzo hayamtishi stoka, alinifundisha mwenyewe. Nilingoja. Nikalowesha kitambaa nikamzungushia shingoni, nikajaribu tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala wazi juu ya blanketi. Haukuzungusha kitu.

"Wifi," dada yake aliniita kutoka mlangoni. "Acha sasa."

"Bado. Inadondosha tu. Itashika."

Nilimpa tena. Nikamgusa koo, nikasubiri. Shati likalowa kifua chote, na mimi bado nasubiri, mpaka wifi alipokuja akaushika mkono wangu wenye kijiko, akaushusha polepole.

Alitaka kutoka nje kulia, majirani wasikie waje. Nilimwambia angoje kwanza. Nilitafuta shati kavu, lile la kanisani, nikamvalisha, nikamfunga vifungo vyote. Sikutaka watu wamkute stoka wangu amelowa.

Ndipo nikamwambia, "Haya, wifi. Lia."