Laptop Iliyomsahihisha Baba

Wiki iliyopita, kwenye duka la kuchapishia pale Majengo, nilimwona binti mdogo akiandika kwenye laptop kwa kidole kimoja. Nikakumbuka Jumamosi moja nyumbani kwetu Namanyere.

Baba alikuwa karani, na mchana ule alileta laptop ya ofisini amalizie ripoti. Sebule ilinukia plastiki mpya na moshi wa kuni uliotoka jikoni. Alipotoka nje kusalimiana na jirani, nilichungulia kwenye skrini. Karibu kila neno lilikuwa na mstari mwekundu chini yake. Kwenye daftari zangu za shule, wino mwekundu ulikuwa na maana moja tu. Nilikimbilia jikoni, mama alikokuwa akisonga ugali wa ulezi.

"Mama, baba amekosa yote. Watamfukuza kazi!"

Mama aliduwaa na mwiko mkononi. Naye hakuwahi kuigusa kompyuta.

Baba alikuwa mlangoni, amesikia. Hakucheka. Alituita sebuleni, akanikalisha mbele ya laptop.

"Andika jina lako."

Nilizitafuta herufi moja moja: Fortunata. Mstari mwekundu ukatokea. Machozi yakanilenga.

"Umekosea?"

"Hapana, baba. Ndilo jina langu."

"Basi hata mimi sijakosea. Hii inajua Kiingereza tu."

Leo najua mistari ile huzimwa kirahisi. Baba hakujua, na sidhani kama ilimsumbua.

Mama alijifuta unga mikononi, akavuta kiti.

"Hebu andika na langu."

Lilipopigiwa mstari alicheka sana, akasema, "Sasa la bibi yako."