Pete Iliyomganda Faina Lvovna

Arkadi Savelievich alikuwa akikereza titani, chuma chepesi cha miguu ya ndege za abiria, tangu hajaota ndevu, na pale kiwandani Salda hakuna aliyewahi kumkuta na haraka. Titani haitaki haraka. Ukiikimbiza inashika joto, inakula kisu, na ukizidi kuichokoza inawaka moto. Hata kuoa alikuendea polepole hivyo hivyo, mpaka mvi zikamwahi.

Aliyempenda ni Faina Lvovna, mkaguzi wa vipimo kiwandani, aliyezirudisha kazi zake bila kupepesa macho. Wakati wa baridi Arkadi alimwomba kidole, akakipima kwa maikromita kana kwamba ni ekseli, akakereza pete isiyoacha nafasi hata ya unywele. Maskini, hakuwahi kupima kitu kinachokula.

Aliipeleka Julai, bustanini kwa Faina, jua likiwaka, wote wawili wameshiba samaki wa chumvi.

“Naijaribu tu,” Faina akasema. “Sijasema ndiyo.”

Kuingia iliingia, kwa kusukumwa. Kutoka ikagoma. Wakapaka sabuni, wakapaka mafuta ya alizeti, wapi. Kidole kikaiva kama nyanya.

“Savelievich, hii ni pete au beringi?”

“Kipimo kilikuwa sahihi, Faina Lvovna.”

“Sahihi kwa chuma. Mimi nina damu, navimba kwa jua na chumvi. Haya, kata.”

Arkadi akatoa tupa mkobani. Aliona ndoa yake inakatwa pamoja na pete, maana mwanamke huyu akishakataa kitu hakirudii. Hata hivyo akapenyeza bati jembamba kuilinda ngozi, akaanza kupiga tupa, taratibu, Faina akimmiminia maji kwa birika.

“Kaza mkono, bwana wewe.”

“Nikikaza itapata moto.”

“Atakayepata moto nani, pete au mimi?”

“Wote wawili.”

Faina akacheka mpaka birika likayumba, maji yakamjaa Arkadi viatuni.

Jua lilikuwa limeshainama pete ilipoachia, vipande viwili, majanini. Arkadi aliona uchungu, wala hakuuficha. Akaviokota, akaomba radhi, akaanza kukusanya vifaa vyake bila kumtazama Faina usoni.

“Unakwenda wapi?”

“Nyumbani.”

Faina akamnyooshea kile kidole, chekundu, kimevimba vile vile.

“Pima sasa hivi, nikiwa nimeshiba,” akasema. “Na uache nafasi. Mpaka tuzeeke vidole vitakuwa vimenenepa.”