Mume Wangu Imiina na Picha Zisizo na Watu

Nilikataa. Nilikataa waziwazi, wakaondoka, wakarudi na biskuti. Eti kinatengenezwa kitabu cha picha za Imiina, na panatakiwa maneno ya mtu amjuaye. Kwani Imiina amekufa? Yupo, ana mdomo wake, tena mpana. Mkono wangu umezoea kisu cha kuchunia sili, kalamu naivunja. Lakini nikikataa watakwenda kwa dada yangu, na dada yangu ni mwongo tangu utotoni. Basi.

Imiina ni mume wangu. Usicheke. Mume wangu wa kwanza, Imiina mwenyewe, alizama katika hori, ule mkono wa bahari ulio mbele ya mto wa barafu, mwaka ule barafu ya bahari ilipokatika mapema. Nilimwambia asubuhi, barafu ya leo inalia. Akasema inawalilia wanawake tu. Hakurudi, waliniletea kofia yake tu. Jina lake halikutamkwa tena kijijini, ndivyo tufanyavyo, jina husubiri mtoto wa kulibeba. Jirani yangu akajifungua mtoto wa kike. Nikamwinamia sikioni nikamwita Imiina. Tangu siku hiyo yeye ni mume wangu na mimi ni mke wake, ingawa ni mimi niliyemfuta kamasi. Alipojua kutembea alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu, akapanda kiti kile kile cha yule. Maini ya sili hali, kama yule. Na ubishi, sitaki hata kusema.

Kamera alipewa na fundi mmoja wa kituo cha hali ya hewa aliyekuwa anahama. Msichana akapiga picha kila kitu, mbwa, vyoo, baba yake akikoroma. Akaenda Denmark kusomea, akarudi. Wawindaji wakamcheka: "Umekwenda mbali kote huko kujifunza kubonyeza?"

"Na wewe bunduki yako unaifanyaje?" akawauliza.

Basi kila mwaka jua linaporudi baada ya miezi ya giza, watafiti wanakuja na yeye anakwenda nao. Ndani ya hori, mbele ya mto wa barafu, kuna kisiwa kidogo chenye jiwe lililopakwa rangi nyekundu. Anasimama hapo hapo, kamera inatazama pale pale, ili picha ya mwaka huu iwekwe juu ya ile ya mwaka jana, waone barafu imerudi nyuma kiasi gani. Wanataka barafu tupu. Mtu akiingia pembeni, wanamkata.

"Sasa humu yumo nani?" nilimwuliza siku moja, ananionyesha.

"Hamna mtu, mke wangu. Ni barafu."

"Basi ni picha ya nini?"

Mwaka ninaousema, wawindaji wenye mbwa wazuri walikuwa wamekwenda kaskazini kuwinda nyangumi. Nikabaki mimi na mbwa wangu. Walisema mimi ni mzee. Nikafunga mbwa kwenye sleji, gari letu la kuteleza juu ya barafu. Tulikwenda watatu, mimi, Imiina, na Torben, mtafiti, ambaye lugha yetu anaisema kama anayetafuna nyama ya moto, lakini anaisema. Nilipoona tunaingia hori lile lile alimozama yule, nikawapunguza mbwa mwendo.

Tulisimamisha sleji juu ya bahari iliyoganda, karibu na kisiwa. Torben akaanza kutoboa barafu apime unene wake. Imiina akavuka ule ufa mwembamba uzungukao kisiwa, ambao upo siku zote, hata mtoto anauruka. Akapanda na stendi yake ya miguu mitatu. Jua lilikuwa nyuma ya wingu. Akangoja, maana bila jua ule ukuta wa barafu huonekana kama shuka, nyufa zake hazisomeki.

Mimi nikachukua mtaimbo nikagonga chini. Sauti ilikuwa kavu. Nikajikalisha, nikatafuna samaki mkavu. Nikagonga tena. Safari hii ilijibu kama mlango wa nyumba yenye mtu ndani. Mbwa waliokuwa wamelala wakasimama, mmoja mmoja, wasibweke.

"Imiina! Twende!"

"Bado! Jua linatoka!"

"Jua lipo hata kesho!"

"Kesho barafu haitakuwepo!"

"Ndiyo maana nakuita, punguani wewe!"

Torben akacheka. "Bibi, mwache kidogo tu. Picha hii ikikosekana, miaka yote ya nyuma inakatika katikati." Kisha akatazama tundu lake. Maji yalikuwa yanapanda na kushuka humo, kama kifua cha mtu alalaye. Kicheko kikamtoka usoni. Na yeye akaanza kuita.

"Mnapiga kelele mno!" Imiina akajibu, jicho kwenye kamera. "Stendi inatikisika!"

Hapo ukuta ukaachia. Kipande kama kanisa kikashuka majini, polepole, sauti ikaja baadaye. Mawimbi hayakuonekana, yalikuwa chini yetu. Barafu tuliyosimamia ikainuka, ikashuka. Ule ufa wa kisiwa ukafunguka kiasi cha kiganja, kisha kiasi cha mbwa alalaye kwa urefu, na ndani yake maji meusi. Nami nikamwona yule wa kwanza, kofia yake tu, kama walivyoniletea.

"Dakika moja!" akasema Imiina. Dakika moja! Yule yule!

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti yangu yote: "Haya, kaa! Binti wa Inuteq ana mimba! Jina lako limeshapata pa kwenda!"

Neno hilo haliambiwi mtu aliye hai. Ni kama kumkatia mtu sanda naye anakula mezani.

"Umemwambia nini?" Torben akaninong'oneza.

"Nimemzika. Shika sleji."

Imiina aliinua kichwa. Alinitazama. Halafu, yule mshenzi, akaigeuza kamera kwangu, akabonyeza! Ndipo akaing'oa kwenye stendi, akaisukuma ndani ya koti lake, akateremka mbio, stendi akaiacha.

Ufa ulikuwa umeshapita urefu wa kurukwa. Lakini sleji zetu ni ndefu, ni daraja pia. Tuliwafungua mbwa, tukaisukuma mimi na Torben mpaka ncha ikashika ng'ambo. Akapita juu yake kwa magoti na mikono. Katikati sleji ikateleza, mguu mmoja ukaingia majini hadi gotini. Nikamkamata kofia ya koti. Sikumwachia. Mpaka leo vidole hivi viwili havinyooki.

Tukafunga mbwa. Nilitangulia kwa miguu na mtaimbo, nagonga, nasogea, nagonga, nageuza njia. Hivyo hivyo mpaka tukakanyaga mawe ya pwani. Nilipogeuka, pale tulipokuwa tumesimama palikuwa bahari.

Kamera ilikufa. Kwetu ukipenda kitu unakitia kifuani, mtoto, kijibwa, chupa ya maji. Lakini chuma chenye baridi ile kikikutana na joto la mwili hutoa jasho, na jasho likaganda humo ndani. Yeye anayajua hayo kuliko sisi sote, ila hofu ilimrudisha kwenye desturi ya mama yake. Kilichopona ni kile kikadi cha kutunzia picha, kidogo kama ukucha.

Binti wa Inuteq nilimpelekea glavu za ngozi, asiyaweke maneno yangu moyoni. Imiina hakuja kunywa kahawa kwangu mpaka mwezi ulipoandama. Kisha akaja, akasimama mlangoni.

"Uliniua mbele ya mbwa."

"Na wewe uliniacha mjane, nikakwambia asubuhi, hukusikia."

Akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye jiko. "Kahawa ipo, mke wangu?"

Ipo.

Picha ya ukuta mwaka ule, aliyoijaribia akingoja jua, ilitoka ya kijivu, haina kivuli. Torben aliipokea bila kunung'unika. Alikuwa ameyaona yale maji. Na ipo ile nyingine, mimi, mdomo wazi mpaka magego, mbwa nyuma yangu, mstari mweusi mbele. Imiina ameiweka ukurasa wa mwisho wa kitabu. Wenye kitabu wanataka kuikata. Eti ina mtu.

Sasa wewe uliyekishika, fungua ukurasa wa mwisho, usiendelee na jingine. Kama simo humo nikipiga kelele, kirudishe ulikokinunua, uwaambie Padloq kakutuma. Na waje wachukue biskuti zao.