Ndakala wa Mpira

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Lweba, kijiji chetu kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini kabla ya uhuru, nimekaa katikati ya mtumbwi wa mjomba wangu na sielewi kitu. Mbele yangu mtu anavuta samaki, nyuma yangu mtu anavuta samaki, na uzi wangu umelala majini kama kamba ya kuanikia nguo. Nitakueleza ilivyokuwa, ingawa sehemu nyingine hazijanikaa sawa kichwani mpaka leo.

Niliacha shule mapema. Miguu yangu haikupenda benchi. Nilizurura Mboko, nikavuka mpaka Ubwari, nikapanda milima ya Fizi, nikiangalia kila mtu anafanya kazi gani na anaifanyaje. Baba alichoka. Akasema lori la kuchukua vijana wa kazi ya pamba kule bonde la Ruzizi likipita, nitapanda, isipokuwa niwe nimepata nafasi ya kudumu katika mtumbwi wa mjomba Saidi, kaka yake mama. Mpiga kasia mmoja alikuwa amehamia mji wa Albertville, kwa hiyo nafasi ilikuwepo, na mjomba alikubali kunijaribu. Pamba niliiogopa, mwanangu. Mtu wa pamba anapewa mstari wake na anakaa kwenye mstari huo. Mimi na mstari hatukupatana tangu shuleni.

Wakati ule mukeke, samaki mkubwa anayewinda wadogo, tulimvua kulipopambazuka, kwa uzi mrefu tunaoukokota nyuma ya mtumbwi. Kwenye ndoana mtu alifunga manyoya meupe ya kuku, ili mukeke adhani ni ndakala, yule samaki mdogo wa kung'aa anayeliwa na kila mwenye meno ziwani. Manyoya yale niliyadharau. Kwa nini tumdanganye mukeke kwa kuku, wakati tunaweza kumpa ndakala mzima, laini, asiyeoza?

Milimani nilikuwa nimeona mmea unaotambaa juu ya miti, ukiukata unatoa maziwa, na maziwa yakiganda yanakuwa mpira. Nikayakinga ndani ya kibuyu. Nikachota udongo wa mfinyanzi kando ya mto Mutambala, nikautengeneza mabonge mawili, nikambana ndakala katikati ili aache sura yake. Ndakala mbichi alipondeka. Basi nikatumia mkavu, wale wanaoanikwa mchangani, mgumu kama kijiti, na magamba yake yote yakajichora. Nikamimina maziwa taratibu. Udongo ukanywa maji yake, nikaongeza mengine, nikaacha kivulini. Tumboni mwake niliweka kipande cha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Alipotoka nilimbonyeza akabonyea, nikamwachia akarudi. Nilimtembeza kwa majirani kama mtoto mchanga.

Lakini mukeke hawakumtaka. Nilimpaka mawese, hawakumtaka. Nilimfunga kijiwe azame, hawakumtaka. Nilihamia mbele ya mtumbwi, nikahamia nyuma, nikashindwa kujua kama kosa ni la samaki, la uzi, la maji au la mkono wangu. Kichwa changu kilikuwa kama jiko lenye kuni mbichi, moshi mtupu. Na siku za lori zilikuwa zinakaribia.

Katika mtumbwi ule alikuwemo Mzee Alimasi, mkubwa kwetu sote, aliyekaa nyuma akishika usukani. Manyoya yake yalikuwa machafu, hata kuku mwenyewe asingeyatambua, na bado alivuta mukeke kila asubuhi. Nikaona jambo moja: kabla ya kutupa uzi, midomo yake ilichezacheza, ananong'ona. Basi nikajipa jibu. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilimsingizia mzee.

Tulipofika ufukoni, mbele ya akina mama waliokuja kununua samaki, nilisema kwa sauti, "Mujomba, kuna mutu anafunga uzi wangu kwa dawa. Ni Mzee Alimasi. Mi namuona kila siku anasemea maji."

Wewe umezaliwa juzi, huenda ukaliona neno hilo la kumtaja mtu mchawi ni jepesi. Kwetu, mzee akishatajwa hivyo mbele ya watu, anaweza kuhamishwa kijiji, na nyumba za watu ziliwahi kuchomwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Mjomba aliweka kasia chini. "Kunja uzi wako," akaniambia. "Mutu anaweza kukosa samaki mwaka muzima, nitamulisha. Mutu wa kutaja mwenzake vile, siwezi kumupakia."

Hapo nikaona pamba imenifikia miguuni. Lakini aliyesema baada yake alikuwa Mzee Alimasi mwenyewe, na hakupandisha sauti.

"Leta huyo mutoto wako wa mpira."

Alichukua kibuyu cha kukumbia maji ya mtumbwi, akakijaza, akatafuta kwenye wavu wa jirani ndakala mmoja aliyekuwa bado na uhai, akamtia ndani. Pembeni yake akamweka wa kwangu. Nikainama kutazama. Yule hai alikuwa amenyooka, anatikisa mkia kidogo kidogo, mdomo umefumbwa. Wa kwangu alikuwa amejikunja kama kidole cha mtu mwenye baridi, mdomo wazi, jicho limezama.

"Sura ulitoa kwa nani?"

"Kwa ndakala wa muchangani, baba."

"Basi umetengeneza maiti. Mukeke haendake ku matanga."

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee alingoja wamalize. "Na ile ninanong'ona," akasema, "ni wimbo wa kumubembeleza mujukuu wangu. Ananilaza macho usiku, wimbo unabaki mu mudomo. Ukitaka nitakufundisha."

Nilipiga magoti palepale, mbele ya wale wale waliosikia, nikasema nimesema uongo juu yake. Akaniambia niinuke, suruali inachafuka.

Nikarudi kazini. Nilimweka ndakala hai kwenye kibuyu, nikachonga mfano wake kwa mti mwepesi nikimtazama anavyosimama majini, nikaubana mfano huo kwenye udongo, nikamimina maziwa upya. Alitoka hana hata gamba moja, ila amenyooka. Mjomba aliniruhusu kupanda mara moja tena. Mukeke alimpiga kwa nguvu mpaka uzi ukanikata kidole. Nikafurahi, nikasema sasa nimeelewa.

Mwanangu, sikuelewa. Asubuhi iliyofuata Mzee Alimasi, kwa utani tu, alifunga yule maiti wangu wa mpira kwenye uzi wake. Mukeke wakamla maiti. Wa kwangu aliyenyooka hakuguswa. Nilimgeukia mzee anieleze, naye akajikuna ndevu.

"Mi pia sijui, mujukuu. Labda leo kuko matanga kule chini."

Lori lilipokuja, mjomba alimwambia baba kwamba mimi nabaki. Nilidhani ni kwa sababu ya mukeke wangu. Mjomba akatikisa kichwa. "Samaki ni samaki. Nilikuona unapiga magoti mbele ya bale bale batu waliokusikia."

Nimeendelea kumimina mpira kwenye udongo miaka mingi, katika vijiji vingi, na bado ziko asubuhi ninazorudi na uzi mtupu bila kujua kwa nini. Kwa hiyo nakuusia hivi, mwanangu. Ukitaka kumfuata mwenye uhai, mtazame akiwa na uhai. Sura iliyokauka hudanganya hata ikiwa na magamba yote. Na hata ukishatazama vizuri, utafika mahali ambapo huelewi. Kaa hapo. Uliza, jaribu tena, sema sijui. Lakini shimo hilo la kutoelewa usilizibe kwa jina la mtu, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi ukishajikwaa, usiombe radhi pembeni; rudi mbele ya wale wale waliokusikia.

Mungu akupe mikono isiyochoka kujaribu na mdomo usioona aibu kusema sijui. Ziwa likubebe uende na urudi. Na siku mtu mwingine atakaposhindwa kuelewa mambo yake na kutafuta wa kumsingizia, jina lako lisiwe la kwanza kumjia.