Shati Lisilo na Jasho

Kilichotangulia kuondoka ni sauti ya koleo. Dobi alikuwa amezoea kuisikia kabla hajaiona nyumba aliyokuwa akijengewa, akiwa bado kwenye kona ya barabara ya vumbi: koleo likikwaruza, likigeuza zege, likikwaruza tena. Asubuhi hiyo alifika mpaka mlangoni, au tuseme mahali ambapo mlango ungekuwa, na hakusikia kitu ila nzi. Karai lilikuwa limeachwa na zege ndani yake, limegeuka jiwe. Mifuko ya saruji ilikuwa imenyeshewa ikaganda, bado ina umbo la mifuko. Na ukutani, kwenye msumari, lilining'inia shati la buluu la mkandarasi, kola imekaa sawasawa, kama la mtu aliyekwenda kunawa mikono.

Kwa sababu ya shati lile hakuingiwa na wasiwasi. Mwanamume anaweza kuacha koleo, anaweza kuacha hata mke, lakini shati zuri kama lile atalirudia. Akapiga simu, na mkandarasi akapokea kwa sauti ya upole: "Nipo, mama mkubwa. Nimetoka kidogo tu."

Mtaani walikuwa wamekwisha kumbatiza jina hilo, Natoka Kidogo, ila dobi alikuwa hajui.

Yeye alimjua kwa njia nyingine. Mama wa mkandarasi alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, chumba kilekile ambamo dobi alimalizia ujana wake, mikono ndani ya maji ya moto. Mpiga pasi alikuwa mdogo kwake kwa umri, mcheshi, na alifanya kazi na mimba yake mpaka chupa ikapasuka palepale katikati ya marobota ya shuka. Dobi ndiye aliyemshika mkono wakapanda ngazi kwenda wodini, na dobi ndiye aliyezifua shuka alizojifungulia, damu yake na jasho lake, akizisugua kwa furaha kama anayefua nguo za harusi. Ndiyo maana mtoto yule alipojua kusema alimwita mama mkubwa, na hakuna aliyemsahihisha.

Alikua na mikono. Hilo hata adui zake hawalikatai. Alipoanza kujifunza kupiga lipu chini ya fundi mmoja mkali, haukupita muda mrefu kabla watu hawajaanza kuletana kuja kushika kuta zake. Lipu yake ilikuwa laini kama shuka iliyotoka kwenye pasi ya mama yake. Ulipitisha kiganja na kiganja hakikukwama popote. Angebaki hapo, labda angekufa fundi mwenye sifa. Lakini akagundua jambo ambalo si kila fundi hugundua, na likamharibu: kwamba anayejengewa nyumba huangalia kile tu ambacho kiganja chake kinakifikia. Nondo iliyo ndani ya nguzo haioni. Kokoto iliyo chini ya sakafu haioni. Huona ukuta, huushika, hutabasamu, hurudi nyumbani kusimulia.

Basi akachukua mtihani wa ukandarasi, akapata leseni, akanunua kofia ngumu na gari la mkopo, na akaanzisha mtindo wake. Kila nyumba aliyoipata, alianza na sebule. Vyumba vya nyuma vikiwa bado matofali matupu, sebule ilikwisha pigwa lipu inang'aa, kabla ya paa, kabla ya lolote. Mwenye nyumba aliletwa akasimamishwa katikati ya sebule, chini ya mbingu iliyo wazi, akaambiwa, "Shika mwenyewe."

Dobi naye alishika. Alikuwa amestaafu, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya ukuta ule. Chumba alichoishi katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali kilikuwa kinasubiriwa na mwajiriwa mpya, kijana mwenye adabu aliyekuwa akipita kila mara kusalimia na kupima dirisha kwa macho. Humo chumbani aliishi na dada yake mkubwa, ambaye miguu ilikuwa imemwacha lakini mdomo ulikuwa umebaki kazini. Hawakuwa na pengine pa kwenda. Ilikuwa ama nyumba ile, ama barabarani.

Mvua zikapiga. Dobi alipokwenda tena, shati la buluu lilikuwa limeota ukungu begani, na akaona haya kwa niaba ya mpiga pasi, kwamba shati la mwanawe linaozea kwenye nyumba yake yeye. Akalichukua akaenda nalo kulifua.

Mtu aliyefua maisha yake yote huanza na kola. Aliloweka, akapaka sabuni, akasugua kola kwa kidole gumba, akiingojea ile mistari ya kahawia inayotoka shingoni kwa mtu wa jua. Haikutoka. Akageuza kwapa. Kwapa lilikuwa jipya. Maji yalichukua vumbi na ukungu, basi, na chini yake ikaja harufu aliyoifahamu tangu nguo za misaada zilipokuwa zikiletwa wodini: ile dawa inayopulizwa kwenye marobota ya mitumba. Shati lile halikuwa limevaliwa na mkandarasi hata siku moja. Lilitoka kwenye robota likaenda moja kwa moja kwenye msumari.

Dobi akageuza ndoo akaikalia.

"Umekuta nini?" dada yake aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Hakuna kitu."

"Sasa mbona umekaa kama uliyekuta nyoka?"

"Ndiyo hicho nilichokikuta. Hakuna kitu."

Siku zilizofuata alifanya ambalo lingempasa kulifanya mapema. Alitembea. Upande wa pili wa mji akamkuta dereva wa lori aliyekuwa akijengewa na Natoka Kidogo, nyumba imekomea madirishani, sebule inang'aa. Dereva alikuwa na imani tele. "Yupo huyo," alimwambia, akamwonyesha ukutani. "Shati lake si hili hapa." La buluu, kola sawasawa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mjane anayeuza vitambaa, na yeye alikuwa amelifunika shati kwa mfuko wa nailoni lisiingie vumbi, maskini, akisubiri mwenyewe arudi. Mjane, ambaye riziki yake ni kujua nguo, alipoambiwa alilinusa mara moja tu, akaliacha lianguke.

Wakapeleka malalamiko kwenye bodi ya wakandarasi, wote watatu.

Habari haikukawia kufika. Mkandarasi akaja chumbani kwa dobi pamoja na mama yake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia mapajani, mtanashati kama zamani, na ndipo dobi alipoiona mikono yake: laini, kucha safi, mikono ya karani. Alisema maneno mengi, juu ya mafundi waliomkimbia na saruji mbovu, lakini lililokuwa na uzito lilikuwa moja. "Ifute kesi, mama mkubwa, na mwezi ujao nakupaulia. Wengine watasubiri. Wewe kwanza."

Mpiga pasi hakumwangalia mwanawe. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada," alisema. "Wakimnyang'anya ile leseni, amekwisha. Na wewe utabaki na kuta."

Dada mkubwa aliwajibu kutoka kitini. "Waliotutangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanao kaona hiyo safari ndefu, akajenga ufa wenyewe."

Hakuna aliyecheka. Dobi akaomba apewe siku za kufikiri, na ukweli ni kwamba alilitaka lile paa. Tusimfanye malaika. Aliwaza sauti ya mvua juu ya mabati, na yeye na dada yake chini yake, wakavu. Aliwaza kwamba kudanganywa mara ya pili si kubaya sana iwapo utadanganyiwa ndani ya nyumba. Dereva na mjane watajitetea wenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Akaja mhandisi wa bodi kukagua, mwanamke mnene mwenye viatu vya kazi na haraka kidogo. Dobi alimfuata nyuma akiomba moyoni aambiwe ni mambo madogo.

Mhandisi alipita sebuleni bila kuishika. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya pembeni, ambako ncha za nondo zilichomoza juu kama zinavyochomoza kwenye nguzo yoyote inayosubiri kuendelezwa. Akapanda juu ya tofali, akaishika ncha moja, akavuta. Ilitoka. Ilitoka kama jino la mtoto lililokwisha kulegea, na haikuwa ndefu kuliko mwiko. Akavuta ya pili, ya tatu. Chini yake hakukuwa na chuma, mchanga mtupu na zege lililobonyea kwa kidole. Alizipanga chini.

Kisha jikoni. Dobi alikuwa amezoea harufu ya jiko lile na siku zote aliisingizia mifereji ya jirani. Mhandisi akapiga sakafu kwa nyundo, pigo moja, wala si la nguvu. Tabaka la saruji lilivunjika kama ganda la yai. Chini hapakuwa na kokoto. Palikuwa na mifuko ya nailoni, makopo, matambara, na kinyesi. Kinyesi cha watu wengi, cha muda mrefu, kilichofukiwa kwa kifusi kikamwagiwa saruji juu na kusawazishwa vizuri kwa mkono unaojua kusawazisha. Funza walikuwa wakihangaika kwenye mwanga. Mhandisi akarudi nyuma, akafunika pua kwa kiwiko.

Dobi hakufunika. Alikuwa ameshika shuka za kila namna, za usaha, za kuhara, za waliokufa usiku wakiwa peke yao, na hakuwahi kumchukia aliyezichafua. Uchafu wa mgonjwa hauna kosa. Unatoka kwa mtu aliyeshindwa. Huu ulitoka kwa watu wazima na afya zao, waliochuchumaa kwenye jiko lake kila siku wakicheka, na juu yao alikuwepo mmoja aliyeona, akaamua kwamba kufunika ni rahisi kuliko kukataza. Alimwona yule mtoto juu ya ukingo wa kitanda, kucha safi, akisema wewe kwanza.

Hata hivyo aliuliza. "Na akipaua, je?"

"Akipaua, mama," mhandisi alisema, "paa litakaa juu ya kuta kwa muda. Halafu litakaa juu yenu."

Siku ya shauri, mkandarasi alikuja na suti. Aliilaumu mvua, akawalaumu mafundi, akakilaumu kiwanda cha saruji, na alisema vizuri, maana kusema nako ni lipu. Mhandisi alisoma alichokikuta, kwa sauti ya kawaida, nondo na sakafu na vilivyo chini ya sakafu. Kisha mwenyekiti akawauliza walalamikaji kama wana la kuongeza. Dobi akasimama, akafungua kifurushi, akaweka mezani shati la buluu, limefuliwa na kunyooshwa. Dereva akaweka la kwake. Mjane naye. Matatu, pacha watupu, kola zikiwa sawasawa. Nyuma ya chumba mtu alianza kucheka akajizuia.

"Sina la kusema juu ya zege," dobi alisema. "Mimi ni mfuaji. Nguo ikipita mkononi mwangu najua aliyeivaa amefanya nini. Haya hayajavaliwa. Shuka alimozaliwa huyu nilizifua mimi, na zilikuwa na jasho la mama yake. Yeye ameshindwa kuniachia hata la kwake."

Mwenyekiti akamuuliza mkandarasi kama mashati ni yake. Aliyatazama. Alifungua kinywa, na watu wote waliokuwa mle walijua maneno gani yanakuja, yale yale ya kutoka kidogo, na yeye pia akajua kwamba wanajua, akakifunga. Mama yake aliinuka kwenye benchi la nyuma akatoka.

Bodi ililifuta jina lake kwenye sajili ya wakandarasi. Aliamriwa kuwarudishia wote watatu walichotoa, amri ambayo hadi sasa inamsubiri awe nacho. Nyumba ya dobi iliamriwa ibomolewe hadi msingi. Alikwenda kuangalia. Sebule ndiyo iliyochelewa kuanguka, na ilipoanguka lipu yake ilitoka kwa mapande makubwa, laini, mazuri. Hakuinama kuyashika.

Yeye na dada yake wamepanga chumba kwa mama mmoja karibu na soko, chumba chenye paa linalovuja upande wa mlango tu, na dada hukaa upande wa pili akilitania. Kijana mwenye adabu alipewa dirisha lake. Mpiga pasi akikutana na dobi njiani huvuka barabara, na dobi humwacha avuke.

Natoka Kidogo anaishi kwa mama yake, katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, chumba cha pili kutoka bombani. Anapiga lipu kwa kibarua, chini ya mkandarasi mwingine.