Asumini na Wasiwasi Wangu

Dada yangu alipoposwa, mwaka uliofuata Uhuru, mama alitoa ahadi mbele ya wanawake wa mtaa, na ahadi hiyo ikaniangukia mimi. Alisema kikuba cha bibi harusi kitatoka nyumbani. Kikuba ni kile kishada cha asumini na rihani ambacho mwanamke hukibandika kifuani, na kwetu Amu bibi harusi asiyenukia asumini ni kama pilau isiyo na bizari: italiwa, lakini itasemwa. Cha mama kilitoka kwenye vyungu vya nyumbani kwao, na cha bibi vivyo hivyo, ingawa bibi mwenyewe alisema hakumbuki, alikuwa na mambo mengine ya kuogopa siku ile.

Vyungu vyetu vya asumini vilikaa juu kabisa darini, kwenye sakafu ya juu iliyo wazi kwa jua, kando ya ukuta, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua. Nilijichagua, kwa sababu nisingeweza kuvumilia kumwona mtu mwingine akivitunza vibaya.

Niseme mapema nilivyo. Mimi ni mtu wa kurudiarudia. Nikifunga mlango, narudi kuutazama. Shule sikwenda, nilijifunza kusoma kwa vitabu vya kaka yangu, na herufi ikipinda nilikuwa nafuta mpaka karatasi inatoboka. Lakini mahali nilipoteseka hasa ni kwenye wudhu. Naosha mkono, najiuliza kama maji yamefika kiwikoni, naosha tena. Nikifika miguuni nakumbuka mkono. Dada alikuwa akigonga mlango na kusema, "Toka, wenzio wameshatoa salamu, wanakunja misala."

Tena sikutaka wudhu wa maji yoyote. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo mama alinunua maji matamu yaliyoletwa kwa punda kutoka upande wa Shela, ya kunywa na kupikia. Mimi nilichota humo humo kwenye mtungi wa kunywa. Niliona ni safi zaidi. Bibi alinitazama siku moja akasema, "Bahari nzima ni twahara, mjukuu wangu, watu wanatia udhu humo na swala zao zinapaa. Wewe peke yako wataka maji ya chai."

Asumini nayo nikaipa ya kisima. Sikuona kosa lolote hapo. Nilikuwa na karatasi ya bwana shamba, iliyofungiwa sukari dukani, iliyosema miche inyunyiziwe maji kidogo kidogo asubuhi na jioni. Ilikuwa karatasi ya nyanya. Nilijua ni ya nyanya. Lakini ilikuwa imepigwa chapa, na mimi kitu kilichopigwa chapa nilikiamini kuliko macho yangu. Basi nikanyunyiza asubuhi na jioni, kisha na adhuhuri kwa tahadhari, kisha na alasiri kwa sababu adhuhuri nilikuwa sina hakika kama nilikifikia chungu cha mwisho. Kata moja ya kifuu cha nazi hapa, nusu kata pale. Juu ya udongo kukatokea unga mweupe, nikaupangusa kwa kitambaa kama vumbi la kabati.

Harusi iliwekwa Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, na mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye joto la kaskazi. Ndipo majani yalipoanza kuungua kingo. Vitumba vikadondoka kabla ya kufunguka. Nikaona ni kiu, nikaongeza kata.

Ijumaa moja maji yaliyopita kwenye vyungu yalikusanyika sakafuni, yakaelekea kwenye mlizamu, lile bomba la kutolea maji ya mvua, yakamwagikia mtu aliyekuwa akipita chini. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, kanzu imepigwa pasi, anakwenda msikitini.

"Mwenye nyumba," aliita kutoka chini, taratibu, "masika haijafika. Hii mvua mumeipata wapi?"

Nilijificha nyuma ya chungu. Mkewe akamjibu kutoka mlangoni kwao, kwa sauti ya kusikika ndia nzima, mwanzo wa kichochoro hadi mwisho. "Shukuru, Bwana. Wengine huiomba hawapewi."

Watu wakacheka, naye akarudi kubadilisha kanzu. Mimi nilikaa nyuma ya chungu mpaka khutba ikamalizika.

Jioni ile dada alipanda darini. Hakuwa mtu wa kupanda darini. Alivitazama vyungu, akachuma jani moja lililokauka, likavunjika mkononi kama kaimati iliyoungua.

"Sijakuomba kitu tangu tuzaliwe," alisema.

"Uliniomba kanga yangu juzi."

"Ile niliichukua, sikuomba. Hiki naomba. Mama ameshasema mbele ya watu. Nisiende kwa mume na maua ya kuokoteza milangoni kwa watu."

Akashuka. Sikulala vizuri, ingawa hilo si jambo jipya kwangu.

Asubuhi chungu kimoja kilikuwa kimekufa kabisa. Nikakiinamisha, nikakitoa mti na udongo wake, nikapata mshangao ambao mpaka leo nikiukumbuka natabasamu. Juu palikuwa na tope la vidole viwili. Chini ya hapo udongo ulikuwa mkavu kama unga wa mtama, umejikunja na kuachana na kuta za chungu, na ndani ya ufa ule ndimo maji yangu yalimopita, moja kwa moja mpaka tunduni, mpaka mlizamuni, mpaka kwenye kanzu ya jirani. Mizizi yote ilikuwa imepanda juu kufuata lile tope, na huko juu ikakutana na chumvi. Nilikuwa nimenyunyiza wiki nyingi, na mti umekufa kwa kiu.

Nilishuka kwa bibi, nikamweleza huku machozi yanatoka. Yeye alikuwa akichambua kunde za futari.

"Mimi maua siyajui," alisema. "Kila nilichopanda kilikufa. Lakini wasiwasi naujua, marehemu babu yako alikuwa nao. Huo mti huupi maji, waupa wasiwasi. Sisi hapa tumefunga. Ikifika magharibi tunakula tukashiba, basi. Hatulambilambi mchana kutwa."

Kisha akachukua buli dogo la bati akaniwekea mbele. "Na hili, la maji ya kisima, ndilo la udhu wako. Likimalizika, umemaliza. Kama mkono haukupata, Mungu ameona ulikuwa na buli dogo."

Kwa hiyo nikageuza kila kitu. Maji ya kisima yakawa yangu, matamu yakawa ya asumini. Nilitia maji matamu kwenye beseni kubwa la kufulia, nikazamisha chungu cha kwanza mpaka kooni. Kikaanza kutoa mapovu, mengi, kama kinanong'ona. Nikangoja mpaka mapovu yakakoma, nikakitoa, nikakiacha kidondoke humo humo kwenye beseni, nikaingiza kinachofuata. Halikupotea tone. Udongo uliovimba ukarudi kushikana na chungu. Nikafunika juu kwa makumbi ya nazi ili jua lisinywe kabla ya mizizi, nikavisogeza vyungu mahali penye kivuli cha mchana, na chini ya kila kimoja nikaweka kisahani kilichopasuka.

Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kutofanya kitu. Kanuni niliyojitungia ilikuwa moja: natia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kikitoka na ubichi, nashuka chini. Nilipanda na kushuka ngazi zile kama mtu aliyepoteza pete. Kidole kilitoka kibichi leo, kibichi kesho, na mimi nimeshika kata mkononi. Kwenye wudhu hali ni ile ile: buli limekwisha, mkono wangu unataka kurudi mtungini, naukalia. Nilisali swala kadhaa nikiwa sina hakika na kiwiko. Mbingu haikuanguka.

Kwenye kumi la mwisho la Ramadhani majani mapya yalichomoza, madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Hapo ndipo jirani yule wa kike aligonga mlango.

"Mumehama?" alimuuliza mama. "Mlizamu wenu umekauka. Mume wangu anafurahi, lakini mimi ndoo yangu naiweka pale kila siku na sasa haina kitu."

"Ndoo ya nini?" mama aliuliza.

"Ya maji yenu. Ikijaa naimwaga yote kwa asumini yangu ya uani. Msiniambie mlikuwa hamjui mnaninyweshea."

Mama alinitazama. Nilitazama dari.

Usiku wa kuamkia harusi tulichuma vitumba kabla havijafunguka. Vyungu vyangu vilitoa vya kutosha kikuba kimoja, kidogo, cha bibi harusi, na havikubakiza hata kimoja cha mama. Nilikuwa naanza kuhesabu upungufu kichwani, kama kawaida yangu, yule jirani wa kike alipoingia na sinia iliyojaa, imefunikwa kitambaa kibichi. Akaiweka mbele ya mama. Wageni wakasogea, chumba kizima kikanukia.

Shangazi wa bwana harusi akauliza, "Mashaallah. Haya yote ya nyumbani?"

Mama akajishughulisha na kitambaa cha sinia. Dada alikuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyopasa, lakini niliona mdomo wake unacheza.

"Maji yake ni ya nyumba hii," alisema jirani, akakaa. "Mume wangu ni shahidi, yalimpitia mwilini."

Dada alinishika mkono nilipokuwa nikimbandika kikuba. Akanusa kidole changu, kile cha kupimia, kikiwa bado na udongo kwenye ukucha.

"Kaoshe," aliniambia. "Mara moja tu."